Mlima Wetu Una Umri Zaidi ya Mmoja

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Mpaka unafika Soni, jiwe liko wazi mkono mmoja na korongo mkono wa pili. Wageni wengi hukodolea macho korongo kwa woga. Mimi huwaomba waangalie jiwe. Kazi yangu ni kuongoza watu kwenye milima ya Usambara, wengine watalii, wengine wanafunzi wa vyuo waliotumwa kuandika ripoti, na karibu wote tukishafika juu na kukaa chini kupumzika huniuliza mambo mawili. Mlima huu una miaka mingapi? Na kama kuna watoto: mifupa ya dinosaria iko wapi?

Swali la kwanza halina jibu moja, na ilinichukua muda kulielewa hilo kiasi cha kumweleza mtu aliyechoka na mwenye njaa akanifuata. La pili lina jibu, ila watoto hawalipendi.

Mawe nimeanza kuyajua kwa nyundo. Mama yangu aligonga kokoto kando ya barabara, kama wanawake wengi wa huku msimu ambao shamba halina kazi, na sisi watoto tulimsaidia tukitoka shule. Kokoto huumiza vidole na macho, na bei yake hupangwa na wenye magari. Lakini inafundisha. Jiwe la Usambara lina mistari myeusi na myeupe inayopishana. Ukiligonga kukatisha mistari, linakurudishia nyundo mpaka kiganja kinakufa ganzi. Ukiligeuza ukalipiga kufuata mistari, linaachia. Mama alikuwa akiokota jiwe, analizungusha mkononi, anasema "hili limelala hivi," ndipo anagonga. Kulikuwa na mengine aliyoyatupa bila hata kuyajaribu, yale ya rangi ya kutu yanayomeguka kwa vidole. Tuliyaita mawe yaliyooza. Mnunuzi hayataki, zege lake halishiki.

Baadaye, nilipopata kibarua cha kubeba mizigo ya kundi la wanafunzi wa jiolojia, mwalimu wao alisimama kwenye rundo la kokoto la mama mmoja, akamwamkia, akaomba kipande. Akakilowesha kwa maji ya chupa, akanipa pamoja na kioo cha kukuzia. "Shika, kijana. Unaona nini?"

Niliona vitone vya rangi ya damu ya mzee vimekaa katikati ya mistari, vingine vya mviringo, vingine vyenye pembe, na mistari ikipinda kuvizunguka. Jiwe kama hilo nilishalivunja utoto wangu wote bila kujua kwamba vile vitone vina habari.

"Ganeti," mwalimu akasema. "Hizi zimepikwa chini, si hapa."

Jiwe letu linaitwa naisi. Wajiolojia wakipima kemia ya zile ganeti na madini yaliyokaa jirani nazo, wanaweza kukadiria mwamba ulibanwa kiasi gani na ulipata joto kiasi gani wakati vinaumbika. Kwa Usambara hesabu zinaupeleka mwamba kwenye kina cha kilomita 30 na zaidi, na joto la zaidi ya nyuzi 700. Kilichoubana ni vipande vya mabara kugongana. Ukanda wa mgongano huo unaanzia Msumbiji, unapita kwetu na Kenya, unakwenda Ethiopia na Sudan mpaka Bara Arabu, na mwisho wake lilizaliwa bara kubwa la Gondwana. Juu ya ukanda huo palikuwa na milima ya kiasi cha Himalaya ya leo. Sisi tunaishi kwenye mizizi yake.

Umri wake unasomwa kwenye punje za madini yanayoitwa zirkoni, ndogo kiasi kwamba kwa macho matupu huzioni. Zirkoni ikiumbika hunasa urani kidogo, na urani hugeuka madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Pima urani iliyobaki, pima risasi iliyozaliwa, utapata tarehe. Kwa mwamba wa Usambara, tarehe ya kupikwa inaangukia takriban miaka milioni 640 iliyopita. Asubuhi isiyo na mawingu wageni hunionyesha Kilimanjaro kule mbali kwa heshima kubwa. Kilimanjaro ni volkano ambayo haijafikisha miaka milioni 3. Ni mtoto mbele ya kokoto za mama yangu.

Na hapo ndipo jibu la dinosaria linapopatikana. Mwamba uliopikwa kwa joto hilo hauwezi kutunza mfupa wala gamba la konokono, kwa kuwa kila kitu ndani yake kimeyeyuka au kimejipanga upya. Sababu ya pili mimi naipenda zaidi: hata kama usingepikwa, mifupa ingetoka wapi? Wakati mwamba huu unapikwa, hapakuwa na mnyama duniani mwenye mfupa, wala mwenye gamba gumu. Wanyama wa magamba wanaanza kuonekana kwa wingi kwenye miamba yapata miaka milioni 100 baadaye. Mtoto anayetafuta dinosaria Usambara anatafuta mgeni ambaye hajazaliwa.

Uhai haukukosekana kabisa, lakini. Kwenye ukanda huuhuu, kule Mirerani ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, vito vinachimbwa kwenye mwamba uliojaa kinywe, ule weusi unaopaka mikono na nguo za wana Apolo, wachimbaji wa kule, mpaka wanapanda juu wamefanana wote. Kinywe kile ni kaboni, na asili yake ni tope la bahari ya kale lililokuwa na masalia ya viumbe wadogo sana. Vanadi, metali inayoipa tanzanaiti buluu yake, nayo ilitoka kwenye tope hilo. Broka anayekufungulia karatasi yenye kijiwe cha buluu anakuonyesha, bila kukusudia, kitu cha karibu zaidi na kisukuku, yaani masalia ya kiumbe yaliyohifadhiwa ndani ya jiwe, ambacho mwamba wetu umeweza kutunza.

Mtu akishakubali kina cha kilomita 30, swali linalofuata ni lazima: jiwe limefikaje juu? Huwa nawajibu kwa jahazi. Jahazi lililosheheni huzama mpaka karibu na ukingo. Likipakuliwa, linapanda lenyewe. Ganda la dunia nalo linaelea juu ya mwamba laini zaidi ulio chini yake, na mvua na mito ikipakua mlima kwa mamilioni ya miaka, mizizi inapanda. Kila kilichokuwa juu ya kichwa chako ukiwa umesimama Lushoto kimeshapelekwa kwingine. Kimepelekwa wapi nitasema baadaye, maana nami nilichelewa kuliuliza.

Kwa hiyo jiwe lina miaka milioni 640. Je, mlima?

Hapa nawapeleka Irente. Unatembea kwenye mashamba ya mahindi na matunda, njia iko tambarare kiasi, halafu ardhi inakatika. Chini ya miguu yako, karibu mita 1,000, kuna uwanda wa Mazinde na Mombo, na magari ya barabara kuu yanaonekana yanatambaa. Mvua peke yake huwa haichongi ukuta mrefu ulionyooka namna ile. Huo ni mpasuko: upande mmoja wa ardhi ulishuka, mwingine ukabaki juu. Bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara Magharibi na Mashariki, nalo limeshuka kati ya mipasuko. Uwanda wa Mkomazi, kati yetu na Upare, ni habari ileile. Ukiitazama ramani ya Milima ya Tao la Mashariki kuanzia Taita kule Kenya, ukashuka Pare, Usambara, Nguru, Uluguru mpaka Udzungwa na Mahenge, unaona safu 13 zilizoachana, kila moja imesimama peke yake na uwanda mkavu pande zote.

Mipasuko hiyo ilianza Gondwana ilipoanza kuvutwa na kuchanika, takriban miaka milioni 300 iliyopita, katika zama ambazo wajiolojia wanaziita Karuu. Haikumalizika hapo. Bara likaendelea kugawanyika, Madagaska ikajitenga na pwani yetu, na katika mamilioni ya miaka ya karibuni, Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lilipofunguka, nyufa za zamani zikaamshwa tena. Umbo tunalolipiga picha Irente, kwa hiyo, ni changa mno kuliko jiwe lililolibeba. Mgeni akinibana nimtajie umri mmoja tu, namuuliza: wa jiwe au wa ukuta?

Upo na umri wa tatu, ule wa ngozi ya mlima. Kule Magamba, juu kabisa, kuna boksiti, mali ghafi ya alumini. Boksiti hutokea pale mwamba unapokaa juani na mvuani muda mrefu mno bila kuondolewa, mpaka maji yanaosha silika, kiini cha mchanga, na karibu kila kitu kingine, inabaki alumini na chuma. Kwa maneno ya mama, ni jiwe lililooza mpaka mwisho. Uwepo wake unaonyesha kwamba kileleni kuna vipande vya ardhi ya kale sana ambayo mito haijafanikiwa kuila. Na juu ya ngozi hiyo umekaa msitu ambao Bahari ya Hindi imeunywesha hata vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, ndiyo maana una viumbe wasiopatikana kwingine. Mfano wanaoujua watu wa mbali ni urujuani wa Afrika, kiua cha kwenye vyungu vya madirishani Ulaya. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na mwaka uliofuata mmea ukapewa jina lake, Saintpaulia. Kwetu unajishikiza kwenye kuta za mwamba wenye kivuli na unyevu, na wenyeji wengi wanaupita bila kuutazama.

Jambo la jiwe lililooza, nikiri, lina manufaa kuliko yote niliyojifunza, na halimvutii mtalii hata kidogo. Mwamba wetu umeoza kwenda chini mita nyingi sana mahali pengi, na mistari ile ya naisi ina upande inakoinamia. Ukichimba mteremko kupata kiwanja cha nyumba, na mistari ikawa inainamia kuelekea kwako, umeondoa kilichokuwa kinaizuia. Mvua za masika zikiingia kwenye nyufa, kipande kinateleza juu ya kingine. Mteremko wa ng'ambo ya bonde hilohilo, ambako mistari inainamia ndani ya mlima, unaweza kuchongwa wima na ukasimama miaka. Wazee hawakuwa na neno naisi, lakini nyumba za zamani nyingi utazikuta migongoni mwa vilima na si kwenye mikono ya mabonde. Siku hizi viwanja vimekuwa adimu na vijana wanajenga popote. Nikipita na wanafunzi huwa nawasimamisha kwenye miteremko mipya iliyochongwa, tunapima mwinamo kwa dira, na mwenye nyumba akitoka kuuliza tunamweleza pia. Wengine wanashukuru. Wengine wanadhani tumetumwa na serikali kuwahamisha.

Watoto, basi, ambao hawakufurahia jibu langu, nawaambia tushuke Tanga. Visukuku viko huko, na ni safari ya siku moja ya basi kuvuka mamia ya mamilioni ya miaka.

Ukishuka milimani ukapita Korogwe na Muheza, unaendelea kukanyaga naisi hadi karibu na pwani, kisha jiwe linabadilika: mawe ya mchanga na miamba ya tope iliyopangana kama ilivyotua majini, haijapikwa. Ni miamba ya Karuu, iliyojaa kwenye mabonde yaliyoshuka ile ardhi ilipoanza kuchanika. Ndani yake, karibu na mji wa Tanga, alipatikana mtambaazi wa majini ambaye mwaka 1924 mtaalamu wa visukuku Sidney Haughton alimpa jina la Tangasaurus. Mkia wake ulikuwa bapa ubavuni, wa kuogelea. Aliishi mwishoni mwa kipindi cha Permi, kabla ya maangamizi makubwa ya viumbe ya miaka milioni 252 iliyopita, kwa hiyo yeye ni mzee kuliko dinosaria wote. Watu wa Tanga niliowasimulia hawajawahi kumsikia, na hilo linanisikitisha. Mji wenye mnyama wake mwenyewe kwenye vitabu vya sayansi ungestahili hata mchoro mmoja stendi ya mabasi.

Mbele kidogo kuna mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini ya mji. Hilo ni jiwe la chokaa, sakafu ya bahari ya kina kifupi iliyoingia zama za Jurasiki, enzi za dinosaria, pwani ilipofunguka. Maji ya mvua yenye asidi kidogo yakalila chokaa polepole, yakaacha vyumba, njia na popo. Kuna hadithi kwamba njia mojawapo inatokea Mombasa, na wengine wanaipeleka hadi Kilimanjaro. Mimi huisikiliza hadithi mpaka mwisho kwa adabu, kisha nje nawaambia wanafunzi wangu wafikirie wenyewe: pango hili limechimbwa na maji kwenye chokaa, chokaa inaishia hapo nyuma, na kutoka hapo mpaka Kilimanjaro ni naisi na lava. Maji yangechimba nini?

Na kama mtu anataka kisukuku kinachopumua, wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani wanacho. Silikanti ni samaki wa ukoo wenye zaidi ya miaka milioni 400. Wataalamu walidhani ulitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga walianza kunaswa kwa wingi kuanzia mwaka 2003, kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Nyama yake, wavuvi wanasema, haina maana.

Wa dinosaria hasa nawaelekeza Tendaguru, Lindi, kusini kabisa. Baada ya mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler kuikuta mifupa mwaka 1906, kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya vibarua, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, walichimba na kubeba vichwani mifupa ya miaka milioni 150 hadi bandarini. Mnyama mkubwa kuliko wote amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini hayupo Dar es Salaam. Nilimwambia aulize tena akiwa mkubwa, na aulize kwa sauti.

Lile swali la mzigo wa jahazi, mlima ulipelekwa wapi, nililijibiwa hapo Tanga, na aliyenijibu alikuwa mwanafunzi. Tulikuwa kwenye korongo la mto lililochimba miamba ya Karuu. Binti mmoja alikuwa amesaga kipande cha jiwe la mchanga kwa kisigino cha nyundo, ameweka unga wake kwenye karatasi, anautazama kwa kioo. Akaniita. "Kaka, njoo uone." Madini yaleyale ya naisi: kwatzi, feldispa nyeupe, magamba ya ulanga yanayong'aa, na katikati punje ya rangi ya damu ya mzee. Ilikuwa ganeti, imesuguliwa pembe zake zote na mto. Mzigo tuliokuwa tunautafuta ulikuwa chini ya mabonde ya Tanga, na mwingine mwingi zaidi umelala chini ya bahari. Mtambaazi wa Haughton alizikwa kwenye vumbi la milima ya huku bara.

Tangu siku hiyo sigawi tena safari mbili, ya milima na ya pwani. Mwenye siku moja nampeleka Irente na kumwonyesha kokoto. Mwenye siku zaidi namwambia avae viatu vya kutembea majini, tushuke wote. Na kabla hatujaanza nawatajia sharti moja: ganeti ya mchangani hakuna atakayekugombeza kuitazama, lakini ukiona mfupa au alama ya mmea ndani ya jiwe, usiung'oe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku, na kisukuku kilichotolewa pasipo kuandikwa kilikuwa tabaka gani kimepoteza nusu ya habari yake. Weka rula au hata sarafu kando yake, piga picha, andika mahali, kitolee taarifa wilayani au makumbusho. Vijana wanaoniletea mawe ya kung'aa kutoka Kalalani na bonde la Umba nao nawaambia vivyo hivyo kwa namna yao: mimi si mthaminishaji, nendeni ofisi ya madini mkaulize leseni ya uchimbaji mdogo. Huwa wananiachia vipande vibovu visivyouzika, na hivyo ndivyo ninavyofundishia.